Kuigawanya Hadithi ya Mtumiaji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Timu inayosanidi programu kwa utaratibu wa ajaili, yaani kwa awamu fupi fupi zinazoitwa sprinti, inaweza kuwa na wasanidi hodari, mmiliki wa bidhaa (anayeamua kijengwe nini na kwa mpangilio gani) anayepatikana muda wote na ubao wa kazi uliopangwa vizuri, lakini kila sprinti ikaisha na hadithi zilezile za watumiaji, yaani maelezo mafupi ya mambo ambayo mtumiaji anataka programu imfanyie, zikiwa bado kwenye safu ya "Inaendelea". Ukiuliza, utaambiwa kazi imefika asilimia 90; ukiomba uoneshwe, hakuna cha kuonesha, kwa kuwa jedwali la data lipo, seva inajibu na skrini imechorwa, ila vitu hivyo vitatu havijakutana. Mara nyingi chanzo cha hali hiyo ni hadithi iliyoingizwa kwenye sprinti ikiwa kubwa mno, au iliyogawanywa mahali pasipofaa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuigawanya hadithi kubwa hadi vipatikane vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kujengwa, kujaribiwa na kuoneshwa peke yake. Udogo, kwa maoni yangu, ni nusu tu ya shughuli hii. Mgawanyo mzuri hutambulika pale ambapo mmiliki wa bidhaa anaweza kunyoosha kidole kwenye kipande kimojawapo na kusema kisubiri, au kiondolewe kabisa, na vipande vilivyobaki vikaendelea kuwa na maana kwa mtumiaji. Ikiwa kila kipande ni cha lazima na vyote vinasubiriana, basi hadithi haijagawanywa. Kilichoandikwa ni orodha ya kazi za ufundi.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kliniki inataka mfumo wa miadi, na kwenye orodha ya kazi kuna kadi inayosema: "Kama mgonjwa, nataka kupanga na kusimamia miadi yangu na daktari kupitia mtandao, ili nisilazimike kupiga simu wala kufika mapokezi."

Kabla ya kuanza: kadi siyo hadithi nzima

Hadithi za watumiaji zilitokana na Extreme Programming, mbinu ambayo Kent Beck aliijenga katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 alipokuwa kwenye mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya Chrysler. Muundo tuliouzoea wa "Kama fulani, nataka kitu fulani, ili nipate faida fulani" ulikuja baadaye, mwaka 2001, kutoka kwa timu ya kampuni ya Connextra jijini London, na umeenea kiasi kwamba wengi hudhani muundo huo ndio hadithi yenyewe. Mwaka huohuo Ron Jeffries alieleza kuwa hadithi ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi ni ukumbusho wa mazungumzo yatakayofanyika, na uthibitisho ni makubaliano ya namna ya kujua kwamba kazi imekamilika.

Jambo hili lina uzito katika kugawanya, kwa sababu mtu mmoja aliyejifungia na kompyuta hawezi kuigawanya hadithi ipasavyo hata akiwa na uzoefu mkubwa. Wanahitajika angalau watatu mezani: mmiliki wa bidhaa, ambaye anajua ni kipi chenye thamani, msanidi, ambaye anajua ni kipi kigumu, na mpimaji wa programu, ambaye kazi yake humfanya aulize "na ikiwa sivyo?" mapema kuliko wenzake. Akikosekana mmoja kati ya hawa, mgawanyo huelemea upande wa waliopo. Wasanidi wakikaa peke yao hugawanya kwa tabaka za mfumo, na mmiliki wa bidhaa akikaa peke yake hugawanya kwa skrini.

Hatua ya kwanza: hakikisha hadithi inastahili kugawanywa

Mwaka 2003 Bill Wake alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi INVEST, ambacho kinataka hadithi iwe huru kiasi cha kutosubiri nyingine, iweze kujadiliwa, iwe na thamani, ikadirike, iwe ndogo na ijaribike. Kabla ya kuanza kukata, iangalie hadithi yako kwa vigezo hivyo vyote isipokuwa udogo. Hadithi isiyo na thamani inayoeleweka itazaa vipande visivyo na thamani, na hadithi ambayo hakuna anayejua itajaribiwaje itazaa vipande vingi visivyojaribika. Hizo zirudishwe kwenye mazungumzo kwanza.

Baada ya hapo uliza kama kweli ni kubwa. Miongozo ya Scrum, mojawapo ya taratibu za ajaili, inaruhusu sprinti isiyozidi mwezi mmoja, na timu nyingi huchagua wiki mbili. Kwa sprinti ya wiki mbili, napendekeza timu ilenge hadithi kati ya sita na kumi, ili hata moja ikikwama sprinti nzima isikwame nayo. Ikiwa hadithi moja peke yake inameza zaidi ya robo ya uwezo wa timu, igawanywe. Hadithi yetu ya miadi ingeweza kumeza sprinti tatu bila shida.

Hatua ya pili: sikiliza maneno na uyapigie mstari

Mwombe mmiliki wa bidhaa aeleze kwa mdomo mambo anayotaka yatokee, kuanzia mtumiaji anapofungua programu hadi haja yake inapotimia, kisha mtu mmoja aandike maneno yake kama yalivyotamkwa, bila kuyasafisha. Katika mfano wetu angeweza kusema hivi: "Mgonjwa achague huduma, achague daktari na saa, alipe kama huduma hiyo hulipiwa kabla, apate ujumbe wa kuthibitisha, na aweze kuahirisha au kufuta, isipokuwa zikiwa zimebaki chini ya saa 24."

Sentensi hiyo moja inatosha kukuonesha karibu mikato yote unayoihitaji. Pigia mstari vitenzi kwanza: achague, alipe, apate, kuahirisha, kufuta. Kila kitenzi ni tendo la mtumiaji au la mfumo, na matendo mawili yanaweza kutenganishwa. Kisha tafuta viunganishi. "Na" na "au" huonesha mahali ambapo hadithi mbili zimefungwa pamoja. "Kama" na "isipokuwa" huonesha kanuni za biashara, na kila kanuni inaweza kuja baadaye. Mwisho, tazama majina yenye aina zaidi ya moja: huduma zipo za namna nyingi, madaktari ni wengi, ujumbe unaweza kuwa wa simu au wa barua pepe. Hizo ni tofauti za data na za njia za mawasiliano, nazo pia hukatika.

Jihadhari sana na neno "kusimamia" lililo kwenye kadi yetu. Neno hilo, pamoja na "kushughulikia" na "kuratibu", huficha matendo manne au zaidi ndani ya kitenzi kimoja: kuunda, kuona, kubadilisha, kufuta. Ukilikuta kwenye kadi, lifungue hapohapo.

Timu yenye bidhaa kubwa inaweza kuyapanga matendo haya ukutani kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia, na chini ya kila tendo ikabandika namna mbalimbali za kulitekeleza, kuanzia iliyo rahisi zaidi hadi iliyo na madoido. Huo ndio mpangilio wa ramani ya hadithi alioueneza Jeff Patton. Kwa hadithi moja kama yetu, karatasi yenye mistari ya kalamu inatosha.

Hatua ya tatu: tafuta njia nyembamba inayofika mwisho

Hapa ndipo timu nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mkato wa kwanza ambao wasanidi huufikiria ni wa tabaka: kadi moja ya majedwali ya hifadhidata, kadi ya pili ya huduma za seva, kadi ya tatu ya skrini. Unavutia kwa sababu unafuata namna mfumo ulivyoundwa na wakati mwingine namna timu ilivyopangwa, yaani mtaalamu wa hifadhidata anachukua yake na mtaalamu wa skrini anachukua yake. Hasara zake huonekana baadaye. Kadi ya kwanza na ya pili zikikamilika, mgonjwa hajapata chochote, na mmiliki wa bidhaa hana cha kutolea maoni zaidi ya kuambiwa kwamba majedwali yapo. Makosa ya uelewa, kwa mfano kwamba daktari mmoja anaweza kuhudumia vyumba viwili kwa siku, hujitokeza pale skrini inapounganishwa, wakati tayari jedwali limejengwa kwa dhana nyingine. Tena, hakuna kadi hata moja kati ya hizo tatu inayoweza kuahirishwa, kwa hiyo mgawanyo huo umeshindwa kipimo nilichokitaja mwanzoni.

Mkato unaofaa hushuka wima kupitia tabaka zote: kidogo cha skrini, kidogo cha seva, kidogo cha hifadhidata, vikiwa vimeunganishwa na vinafanya kazi. Alistair Cockburn aliita kipande cha kwanza kabisa cha namna hiyo kiunzi kinachotembea, yaani utekelezaji mdogo kuliko wote unaogusa sehemu kuu za mfumo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa miadi yetu, kipande hicho kingesomeka hivi:

"Mgonjwa aliyekwisha kusajiliwa anachagua saa moja kati ya zilizo wazi kwa daktari wa huduma ya jumla, anathibitisha, na wahudumu wa mapokezi wanaiona miadi hiyo kwenye orodha yao ya siku."

Zingatia yaliyoachwa nje. Hakuna malipo, kwa kuwa huduma ya jumla katika mfano huu hulipiwa mtu anapofika. Hakuna kuchagua daktari, kwa kuwa ni mmoja. Hakuna ujumbe wa kuthibitisha. Mgonjwa anaona uthibitisho kwenye skrini. Hakuna kufuta wala kuahirisha. Anayetaka kufuta atapiga simu kama alivyokuwa akifanya siku zote. Ratiba ya daktari inaingizwa na msanidi moja kwa moja kwenye hifadhidata kila Ijumaa. Hilo la mwisho huwakera wasanidi wanaopenda unadhifu, lakini lina mantiki: jambo linalofanywa kwa mkono leo linaweza kuendelea kufanywa kwa mkono kwa wiki kadhaa, na wakati huohuo mgonjwa wa kweli akawa anapanga miadi ya kweli.

Wasanidi watatoa hoja kwamba kwa njia hii watalazimika kuifungua skrini ileile na jedwali lilelile mara nne au tano, na kwamba ingekuwa nafuu kuvijenga mara moja. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na haifai kupuuzwa. Gharama ya kurudi kwenye msimbo uleule ipo, na huwa kubwa zaidi pale ambapo hakuna majaribio ya kiotomatiki ya kulinda kilichokwisha kufanya kazi. Timu isiyo na majaribio hayo ianze kuyajenga pamoja na kipande cha kwanza. Gharama ya upande wa pili ni kujenga kwa ukamilifu kitu ambacho watumiaji watakuja kukikataa, na mara nyingi hiyo ndiyo kubwa zaidi, ila haionekani mapema kwa sababu haimo kwenye makadirio ya mtu yeyote.

Hatua ya nne: kata yaliyobaki

Njia nyembamba ikishapatikana, kila kilichoachwa nje ni mgombea wa kuwa hadithi yake. Mike Cohn amezikusanya namna za kukata katika makundi matano: uchunguzi, njia, violesura, data na kanuni. Hayana uzito sawa.

Kanuni ndizo zinazolipa zaidi. Kanuni ya saa 24 ni mfano mzuri: "Mgonjwa anafuta miadi yake" ni hadithi, na "Mfumo unakataa kufuta zikibaki chini ya saa 24" ni hadithi nyingine. Ukizitenganisha, mmiliki wa bidhaa anaweza kutoa ya kwanza bila ya pili, akatazama kwa wiki mbili kama wagonjwa kweli hufuta dakika za mwisho, kisha akaamua kama kanuni hiyo inahitajika. Kanuni nyingi za biashara ziliandikwa kwa hofu ya jambo ambalo halitokei, na zikikaa kwenye kadi yake zenyewe hupata nafasi ya kuhojiwa. Zipo pia kanuni zisizoahirishika, hususan zinazohusu usalama, faragha ya taarifa za wagonjwa na usahihi wa kumbukumbu. Hizo huingia kwenye kipande kinachozihusu hata kama zinakinenepesha.

Data hukatika kwa kuanza na aina moja: huduma moja, daktari mmoja, lugha moja, fedha za nchi moja. Halafu ongeza aina ya pili, ambayo kwa kawaida ndiyo ngumu, kwa kuwa ndiyo inayomlazimu msanidi kuondoa dhana kwamba kuna moja tu. Aina ya tatu na kuendelea huwa nyepesi, na mara nyingi zinaweza kubaki pamoja katika hadithi moja.

Njia zina mtego. Mtu akishaorodhesha hatua za mtumiaji kwa mfuatano, hushawishika kuzikata kwa mfuatano huohuo: sprinti hii kuchagua huduma, ijayo kuchagua daktari, inayofuata kuchagua saa. Matokeo yake ni programu ambayo kwa wiki sita inamruhusu mgonjwa kuchagua tu pasipo kufika popote. Jenga mwanzo na mwisho kwanza, ndipo ujaze katikati. Kwa kuwa njia nyembamba tayari inafika mwisho, malipo ya kabla yanakuja kama hatua inayopachikwa katikati ya njia iliyopo, na kabla hayajapachikwa huduma zinazohitaji malipo hayo hazioneshwi kwenye orodha.

Violesura havihitaji maelezo marefu: kivinjari kwanza, programu ya simu baadaye, orodha ya saa kwa maandishi kwanza, kalenda ya kuvuta na kuachia baadaye. Sifa za utendaji hukatwa vivyo hivyo. "Mgonjwa anapanga miadi" ni hadithi moja, na "ukurasa unafunguka ndani ya sekunde mbili hata wagonjwa 500 wakiwa mtandaoni" ni nyingine, ilimradi ya pili isisahaulike.

Uchunguzi ni njia ya mwisho. Hutumiwa pale timu isipojua vya kutosha hata kukadiria, kwa mfano haijawahi kuunganisha mfumo na huduma ya malipo. Uandike kama swali linalojibika, mathalani "Je, huduma ya malipo inaturuhusu kurudisha sehemu tu ya fedha?", uwekee kikomo cha muda kisichozidi siku moja au mbili, na utupe msimbo uliotokana nao. Uchunguzi usio na swali hugeuka kuwa utafiti usioisha. Vilevile usiweke uchunguzi na hadithi inayoutegemea katika sprinti moja, kwani makadirio ya hadithi hiyo yatakuwa ya kubahatisha.

Baada ya kazi hii, karatasi yetu ingekuwa na kadi zifuatazo, kila moja ikieleza kitu ambacho mtu anaweza kukifanya:

- Mgonjwa aliyesajiliwa anachukua saa iliyo wazi ya daktari wa huduma ya jumla, na mapokezi wanaiona.
- Mgonjwa anaona miadi yake ijayo.
- Mgonjwa anafuta miadi, na saa hiyo inakuwa wazi tena.
- Mhudumu wa mapokezi anaingiza ratiba ya daktari bila msaada wa msanidi.
- Mgonjwa anachagua kati ya madaktari wawili au zaidi.
- Mgonjwa anapokea ujumbe mfupi wa kuthibitisha.
- Mgonjwa analipia kabla huduma inayohitaji hivyo.
- Mfumo unazuia kufuta zikibaki chini ya saa 24.
- Mgonjwa anahamishia miadi siku nyingine.
- Mgonjwa mpya anajisajili mwenyewe.

Kadi ya kuhamisha miadi iko karibu na mwisho kwa sababu anayeweza kufuta na kupanga upya amekwisha kupata haja yake, japo kwa kubonyeza mara nyingi zaidi. Huenda isijengwe kamwe.

Hatua ya tano: andika mifano ya kila kipande

Kipande kisicho na mifano bado ni wazo. Muundo unaotumika sana ni ule wa sehemu tatu uliotokana na kazi ya Dan North: hali iliyopo, tendo linalofanyika na matokeo yanayotarajiwa. Tuchukue kadi yetu ya kwanza.

"Ikiwa daktari ana nafasi saa 3:00 na saa 3:30 asubuhi siku ya Jumanne, na ya saa 3:00 imekwisha kuchukuliwa, mgonjwa anapofungua ratiba ya Jumanne, basi anaona saa 3:30 peke yake."

"Ikiwa wagonjwa wawili wanaiona nafasi ya saa 3:30 kwa wakati mmoja, na wa kwanza amekwisha kuithibitisha, wa pili anapobonyeza Thibitisha, basi anaambiwa nafasi imechukuliwa na miadi yake haiandikwi."

Mfano wa pili ndio wa aina anayoileta mpimaji, na mara unapotajwa mtu husema hiyo iwe hadithi tofauti. Hapa inabidi kutumia busara. Kuzuia wagonjwa wawili kuandikwa saa moja ni usahihi wa kumbukumbu, na katika hifadhidata hutekelezwa kwa sharti la upekee ambalo ni mstari mmoja au miwili. Hilo libaki kwenye kadi ya kwanza. Kumwonesha mgonjwa wa pili saa zilizo karibu na aliyoikosa ni ukarimu mzuri, nao unaweza kusubiri kwenye kadi yake. Mfano mmoja umekatwa katikati, na sehemu ya lazima imetengana na sehemu ya hiari.

Kwa timu inayotaka utaratibu wa kuendesha mazungumzo haya, Matt Wynne alibuni zoezi la kuchora ramani ya mifano kwa kadi za rangi nne: njano kwa hadithi, bluu kwa kanuni, kijani kwa mifano na nyekundu kwa maswali yasiyo na majibu. Zoezi hupewa takriban dakika 25. Meza ikijaa bluu, hadithi ni kubwa na kila kadi ya bluu ni mahali pa kukata. Kanuni moja ikiwa na kijani kingi chini yake, kanuni hiyo ina nyingine imejificha ndani. Nyekundu zikizidi, acheni kugawanya, mkatafute majibu kwanza.

Hatua ya sita: ujaribu mgawanyo wenyewe

Weka kadi zote mezani na umuulize mmiliki wa bidhaa: ikiwa fedha zingekwisha baada ya kadi nne, angechagua zipi? Akijibu bila kusitasita na kuacha nyingine nje, mgawanyo umefaa. Akisema hawezi kuchagua kwa kuwa zote zinahitajika ndipo kitu kifanye kazi, rudini hatua ya tatu.

Kisha angalia ulingano wa ukubwa. Hadithi ya alama 13 (alama ni makadirio ya timu ya ukubwa wa kazi) ikigawanywa kuwa ya 1, ya 1 na ya 11, hakuna kilichobadilika. Ugumu wote umebaki kwenye kadi moja na sasa ina ndugu wawili wa kuipamba. Kukadiria kwa kadi zinazofunuliwa kwa pamoja, utaratibu ambao James Grenning aliuanzisha mwaka 2002, husaidia hapa kwa namna ambayo wengi hawaitumii: msanidi mmoja akitoa 3 na mwenzake 13 kwa hadithi hiyohiyo, kuna jambo ambalo mmoja ameliona na mwingine hakuliona, na jambo hilo mara nyingi ndilo linalopaswa kukatwa na kuwekewa kadi yake. Msikimbilie kukubaliana kwenye 8.

Hatua ya saba: jua pa kukomea

Gawanyeni hadithi za sprinti inayofuata na pengine ya pili yake. Zilizo mbali zaidi ziachwe zikiwa kubwa, kwa kuwa kufikia wakati wake mtakuwa mmejifunza mambo yatakayobadilisha mikato, na kadi 60 ndogo zilizoandikwa mapema ni mzigo wa kuzisasisha kila wiki.

Upande wa udogo, komeni pale kipande kinachofuata kisingeweza kuelezwa kwa mtumiaji kama kitu anachokipata. "Mgonjwa anafuta miadi" ni hadithi. "Ongeza kitufe cha Futa" ni kazi ndogo ndani yake. Kazi ndogo zinaruhusiwa kufuata tabaka, moja ya jedwali, moja ya seva na moja ya skrini, kwa kuwa zote zinaishi na kufa pamoja ndani ya hadithi moja na sprinti moja. Mabishano mengi kuhusu mkato wa wima yangekwisha kama watu wangetofautisha ngazi hizi mbili. Ikiwa kipande kimekamilika lakini mmiliki wa bidhaa hataki wagonjwa wakione bado, kipelekwe kwenye mfumo kikiwa kimefichwa nyuma ya swichi, yaani mpangilio ndani ya msimbo unaokiwasha au kukizima, na swichi hiyo iondolewe kwenye msimbo mara kitakapofunguliwa.

Hata baada ya haya yote, siku ya mwisho ya sprinti itakuja na hadithi ambayo haijakamilika, na timu itashawishika kuigawanya papo hapo ili ijihesabie alama za sehemu iliyofanyika. Igawanyeni tu ikiwa sehemu hiyo inaweza kutolewa kwa watumiaji jinsi ilivyo na mifano yake yote inapita. Ikiwa kufuta miadi kunafanya kazi ila saa iliyofutwa hairudi kuwa wazi, hakuna sehemu ya kuhesabu: kadi nzima inarudi kwenye orodha, mmiliki wa bidhaa anaamua kama bado inastahili kuwa ya kwanza, na alama zake zote zinahesabiwa katika sprinti ambamo kadi hiyo itakamilika.